Jogoo Mmoja wa Watoto Wawili

 Tumealikwa katika mkutano huu wa kugawana akiba ya mwisho wa mwaka.

Kwanza tueleze jinsi tutakavyozungumza. Sisi ni wawili, dada na kaka, wa baba mmoja na mama mmoja. Anayesimama hapa ni mmoja. Mwingine ameketi pale kwenye benchi karibu na birika la chai, na kazi yake ni kusahihisha. Kwa hiyo mtatusikia tukisema "sisi" mpaka mwisho. Jambo likiwa la mmoja peke yake, tutasema ni la dada au ni la kaka. Maneno haya tuliyaandika pamoja kwa jioni tatu, na jioni ya pili tuligombana kidogo.

Mlituomba tuzungumze juu ya kujiandaa kwa Krismasi. Mengi mnayajua kutushinda. Ninyi mna vitabu vya hesabu, mna sanduku lenye kufuli, mna hata faini ya wanaochelewa. Sisi tulikuwa na kuku mmoja. Basi tutawaambia habari za huyo kuku, na Krismasi za utoto wetu, na jinsi tulivyokuja kuzipoteza kwa miaka saba. Wengine mlio hapa mnaijua hiyo miaka saba, maana mlikuwepo barazani. Tutaifikia.

Nyumbani kwetu ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka stesheni ya Luanda, kwenye ile reli inayotoka Kisumu kwenda Butere. Baba alifanya kazi ya ghala huko Nairobi, Eneo la Viwanda. Kama akina baba wengi wa wakati ule alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka, na mara hiyo ilikuwa Krismasi. Miezi mingine tulimjua kwa barua. Mama ndiye aliyelima, akapanda mahindi na maharagwe, akakamua ng'ombe mmoja, akamtunza nyanya yetu mzaa baba. Mkubwa wetu ni dada. Mwaka 1979 alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kaka alikuwa na tisa.

Mwaka huo, siku chache baada ya Pasaka, mama alituita nyuma ya jikoni. Alikuwa ameshika kuku jike mwekundu, miguu imefungwa kwa ukambaa wa mgomba. Akasema, "Huyu ni wenu ninyi wawili. Si wa mmoja. Krismasi tutakula kile mtakachokileta ninyi." Basi. Hakueleza zaidi, akarudi shambani.

Sisi tulitaka kila mtu wake. Kaka alilia. Dada akamwendea mama jioni kuuliza kama hawezi kupata wa pili, kwa kuwa kuku walikuwepo watano. Mama akasema, "Kila mtu akiwa na wake, kazi yenu itakuwa kuhesabiana." Wakati ule hatukuelewa. Tulifikiri ni uchoyo.

Hesabu yenyewe tuliielewa polepole, na hapa wanavikundi sikilizeni vizuri kwa sababu ni hesabu ya kweli mpaka leo. Kuku huatamia mayai siku 21. Jogoo wa kienyeji anahitaji kama miezi sita au saba kabla hajafaa sufuria ya watu wengi. Ukihesabu kutoka Desemba kurudi nyuma, vifaranga lazima wawe wametoka kufikia Mei, la sivyo Krismasi utachinja mifupa. Mama alijua ndiyo maana akatuita wakati wa Pasaka. Wengi wetu hukumbuka Krismasi mwezi wa Novemba, tunakwenda sokoni kumkuta jogoo amepanda bei, halafu tunalaumu wachuuzi.

Yule mwekundu alitaga, tukamwekea mayai kumi na moja ndani ya tenga kuukuu, nyuma ya mafiga, mahali penye joto. Zamu ya asubuhi ilikuwa ya dada na ya jioni ilikuwa ya kaka. Yalianguliwa tisa. Mwewe akachukua watatu, mmoja akazama katika maji ya kuoshea vyombo, na kila kifo kilikuwa na kesi yake: ulikuwa wapi, nilikuwa hapa, ilikuwa zamu ya nani? Hesabu tuliiweka kwa mkaa ukutani jikoni. Mstari mmoja kwa kila kifaranga, na alama ya msalaba juu ya kila aliyekufa. Waliobaki watano tuliwalea mpaka wakajitenga na mama yao. Majike matatu tuliuza soko la Luanda, moja moja, kadiri ya shida. Madume mawili yalibaki, na lililo bora kati ya hayo lilikuwa la Krismasi. Hilo hatukuligusa hata mama alipoishiwa na chumvi.

Shule zikifungwa Novemba, kazi ya pili ilikuwa nyumba. Kwetu, Krismasi haikuingia nyumba chafu. Akina mama walichanganya mavi ya ng'ombe na udongo, wakapaka sakafu na kuta, halafu wakachora chini ya kuta na pembeni mwa madirisha kwa udongo mweupe, mwekundu, na majivu. Udongo mweupe ulichotwa bondeni karibu na kijito, na sisi ndio tuliotumwa. Kaka alitaka sana kuchora. Wavulana wenzake walimcheka, wakisema hiyo ni kazi ya wasichana, naye akachora usiku kwa koroboi ili wasimwone. Asubuhi kulikuwa na treni nzima ukutani, mabehewa sita, na moshi. Mama aliiacha. Lakini upande wa jikoni alipaka juu ya mistari yetu ya mkaa yote, vifaranga wote na misalaba yao, pakawa papya kabisa. Tulipolalamika akasema, "Hesabu ya mwaka imefungwa." Kila Desemba ilikuwa hivyo. Deni lolote tulilokuwa tukidaiana lilizikwa chini ya samadi.

Tulipamba pia. Mwaka ule wa 1979 ndipo serikali ilipoanza kutugawia watoto wa shule za msingi maziwa, yale tuliyoyaita maziwa ya Nyayo, ndani ya pakiti za karatasi za pembe tatu. Wenye umri wetu mnazikumbuka. Tulikusanya pakiti tupu muhula mzima, tukazificha chini ya kitanda. Hatukujua kwamba zinafaa kuoshwa. Mama alifikiri kuna panya aliyekufa ndani ya nyumba. Baada ya hapo tukaziosha kwa majivu, tukazitundika kwa uzi juu ya tawi la mkangazi lililosimamishwa ndani ya mkebe wa mchanga.

(Msahihishaji anasema halikuwa la mkangazi, lilikuwa la msandarusi. Si kweli. Lilikuwa la ule mti wa ua, ule wa majani membamba wenye harufu. Tuuite hivyo, tuendelee.)

Halafu siku yenyewe. Tarehe 23 mchana tulikwenda stesheni kumpokea baba, sisi wawili peke yetu. Mama alitupa taa moja ya kandili kwa ajili ya kurudi, nayo tulibebana zamu: kutoka nyumbani mpaka kwenye mgumo mkubwa ni dada, kutoka hapo mpaka relini ni kaka. Baba alikuwa amepanda gari la moshi Nairobi jioni iliyotangulia, akalala njiani, akafika Kisumu, halafu akapanda la Butere. Lilipaswa kufika mchana. Mara nyingi lilifika jua likitua. Hatukujali. Stesheni siku hiyo ilikuwa na raha kuliko soko: watoto wa kila kijiji, kila mmoja akimngojea mtu wake, wauza njugu, wauza miwa, na mzee mmoja aliyeweka sikio juu ya chuma cha reli na kutuambia gari limefika wapi. Hakupatia hata mara moja. Tulimwamini kila mwaka.

Gari likiingia, watu walishuka hata kwa madirisha. Magodoro, mabati, redio zilizofungwa kwa shuka, mikate, mikebe ya Blue Band. Baba tulimtambua kwa kofia. Alikuwa anatutafuta kwa macho, akituona anaweka mzigo chini kwanza, ndipo anatusalimia kwa mkono, dada halafu kaka, kama watu wazima. Hakuwa mtu wa kukumbatia. Kisha alituuliza swali lile lile kila mwaka: "Jogoo yuko?" Nasi tulijibu kwa sauti moja kwamba yuko.

Ndani ya mzigo wake kulikuwa na kitambaa. Kipande kimoja, rangi moja, maua yale yale, kwa watoto wawili, kwa sababu kununua kipande kimoja kikubwa ni nafuu. Asubuhi ya tarehe 24 tulikipeleka kwa fundi wa cherehani aliyekuwa barazani mwa duka. Watu walikuwa wengi, tulingoja mpaka usiku, tukalala pale pale juu ya mabaki ya vitambaa huku cherehani ikilia. Ikatoka gauni la dada na shati la kaka. Mwaka 1980 kitambaa kilikuwa na maua makubwa ya manjano. Kaka aliingia kanisani amevaa bustani. Mpaka leo kuna mzee hapa, hatutamtaja ila anacheka sasa hivi, humwita kaka "Maua".

Siku ya Krismasi kwenyewe mnaijua. Kanisa lilijaa mpaka nje, watoto wakaigiza habari za Bethlehemu, na dada alikuwa mchungaji wa kondoo kwa miaka mitatu mfululizo kwa kuwa alikuwa mrefu. Tukirudi, kaka alimshika jogoo miguu na baba akachinja. Dada na mama walipika. Chapati zilipikwa mara moja tu kwa mwaka katika nyumba yetu, na siku hiyo tulizihesabu: tatu kila mtoto. Nyanya hakula kuku. Yeye alikuwa wa zamani zile ambazo mwanamke wa kwetu hakuonja nyama ya kuku, na ingawa mila hiyo ilikuwa imekwisha kulegea, yeye alisema tumbo lake limeshazoea. Alikunywa chai yenye sukari nyingi.

Na firigisi, ile tunayoiita imondo, iliwekwa katika kibakuli chake na kupewa baba. Ninyi wa kwetu hamhitaji kuelezwa. Firigisi ni ya mwenye nyumba, na mgeni asipopewa anajua amedharauliwa. Dada, aliyeamka kila asubuhi miezi minane kumtazama huyo jogoo, aliiona ikipita. Anasema hakuwa na uchungu wakati ule, ila aliiona.

Mwaka 1981 hatukuwa na jogoo. Novemba kideri kilipita kijijini. Kuku walipinda shingo, wakaharisha kijani, na kwa siku nne nyua zikawa kimya. Yule mwekundu alikufa, na watoto wake wote. Tulimzika, ingawa mama alisema ni ujinga. Krismasi ile tulikula omena. Baba alipouliza "Jogoo yuko?" stesheni, hatukujibu, naye hakurudia. Mwezi wa Januari mama mmoja jirani, ambaye kuku wake mmoja alipona, alitupa huyo kuku kwa mpango wa kufuga nusu kwa nusu: vifaranga wa kwanza wagawanywe, kisha arudishiwe mama yao. Ndivyo tulivyoanza upya.

Hapa tusimame kidogo. Siku hizi chanjo ya kideri ipo, ni tone moja jichoni, na ya bei ndogo ukigawana chupa. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wale wa boma moja, na ikishafunguliwa haikai. Kwa hiyo mtu mmoja peke yake anaona hasara, anaacha, na kuku wake ndio wanaoleta ugonjwa kwa wengine. Kikundi kikichanja siku moja kijiji kizima, kisha mkarudia kama afisa wa mifugo atakavyowaelekeza, mtaona tofauti. Akina mama wa kikundi cha ng'ambo ya mto wanafanya hivyo, waulizeni. Haya, turudi.

Mwaka 1984 mvua ndefu zilikosekana karibu nchi nzima. Mtakumbuka mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka nje, na jinsi watu walivyoyasema vibaya huku wakiyapangia foleni. Barua za baba zilikoma Oktoba. Mama alisema posta imechelewa. Jogoo alikuwepo mwaka huo, mwembamba lakini yupo. Dada alikuwa na miaka kumi na sita na kaka kumi na minne, na tulikuwa tumeanza kuona haya kubebana taa zamu kama watoto, lakini tulibebana.

Tarehe 23 gari lilikuja. Watu walishuka, wakapokelewa, wakaondoka. Tulingoja mpaka mkuu wa stesheni alipozima taa yake. Tarehe 24 tulirudi, tukangoja tena. Kofia zilikuwa nyingi. Mara moja kaka alikimbia na kumshika mkono mtu ambaye si baba. Tuliporudi nyumbani usiku ule mafuta ya taa yaliisha karibu na mgumo, tukatembea gizani, na hatukusemezana ila neno moja tu. Dada alisema, "Tutamwambia mama gari limejaa, atakuja na la kesho." Kaka akakubali. Hakuna gari lililokuwa linakuja siku ya Krismasi, na mama alijua, na sisi tulijua anajua.

Asubuhi mama alisema jogoo achinjwe. Kaka alichinja kwa mara ya kwanza, mkono ukimtetemeka. Chakula kilipoiva mama aliweka firigisi katika kibakuli cha baba kama kawaida, akakiweka mahali pa baba. Tukaomba, tukaketi. Hakuna aliyekula. Kisha mama akachukua kisu, akaikata firigisi katikati juu ya kifuniko cha sufuria, akaweka nusu katika sahani ya kaka na nusu katika sahani ya dada. Akasema kwa sauti ndogo, "Msimwambie nyanya."

Kumbe nyanya alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Tukangoja mvua ya maneno. Nyanya akatazama sahani ya dada, akatazama mlango ambao baba hakuingilia, akasema, "Aliyelisha na ale." Akakaa, akaomba chai nyingine.

Baba alifika tarehe 29 juu ya lori la mchanga. Kiwanda kilikuwa kimepunguza watu Oktoba, naye alikuwa akifanya vibarua vya siku akitafuta nauli na kitambaa. Aliona haya kuja mikono mitupu. Nauli ilikula karibu zote, kitambaa kikapatikana nusu ya kawaida. Fundi alitoa blauzi ya dada, na kipande kilichobaki akakifanya mfuko, akaushona juu ya shati la zamani la kaka. Baba hakuuliza habari za firigisi. Aliuliza ni nani aliyebeba taa usiku ule wa tarehe 24. Tulipomwambia ilizimika njiani, aliinuka akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Hiyo ndiyo Krismasi tunayoizungumza kuliko zote. Si ile ya maua ya manjano, si zile za jogoo mnono.

Sasa ile miaka saba. Baba alifariki mwaka 1999, mama Februari 2009. Dada alikuwa ameolewa upande wa Yala, akafiwa na mume, mambo ya kule yakawa magumu, akarudi nyumbani na watoto mwaka 2006. Mama alipokuwa hai hakuna aliyesema neno. Mama alipozikwa, kaka alisema shamba ni lake. Ekari mbili na nusu. Alisema dada ni wa Yala. Tunayasema haya mbele yenu kwa sababu mliyasikia wakati ule, na kaka ameomba yasifichwe.

Tulikwenda kwa wazee, tukaenda kwenye baraza, tukaanza na mambo ya mahakama. Kila mmoja alitumia pesa ambazo zingejenga. Ua la mpaka lilipandwa mara mbili na kung'olewa mara mbili. Krismasi ya 2009 moshi ulitoka katika majiko mawili, hatua arobaini kati yake, na hakuna aliyevuka. Hivyo mpaka 2015. Jambo la kuchekesha, kama linachekesha, ni kwamba Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, mwaka ule ule tuliokuwa tukililia kuku, na katika mali ya mzazi aliyefariki bila kuacha wosia haitengi mtoto wa kike na wa kiume. Katiba ya 2010 ikaja ikakazia. Mambo hayo yaliandikwa tayari. Tulikuwa tukilipia safari za kwenda kuambiwa.

Kilichotupatanisha si sheria, ingawa tunaiheshimu. Mwaka 2016, mwezi wa Juni, kuku mmoja alipotea. Alikuwa wa kaka. Baada ya wiki tatu akatokea katikati ya ua la mpaka, chini ya miiba, na vifaranga wanane. Mtoto wa mwisho wa kaka na mjukuu wa dada, wote wenye miaka kama tisa au kumi, waliwaona kwanza. Hawakutuambia. Waliwalisha kutoka pande zote mbili, mmoja akileta wishwa na mwingine akileta maji, mpaka vifaranga wakakua. Siku dada alipokuwa akitafuta kuni alikuta kwenye nguzo ya ua mistari ya mkaa. Mistari minane, na misalaba miwili juu yake.

Hakuna aliyewafundisha. Tuliwauliza. Mtoto wa kaka alisema waliweka alama kwa sababu walikuwa wanabishana nani alimwacha mwewe.

Dada aliita kwa sauti kuvuka ua, "Njoo uone." Neno la kwanza kwa muda mrefu lisilopita kwa mzee wa kijiji. Kaka alikuja, akatazama. Tulisimama pale. Kisha tukaanza kubishana, kwa kweli, kama ya kwetu ilikuwa jikoni ukutani au mlangoni. Ilikuwa ukutani.

Mambo ya shamba yalichukua miezi mingine mingi, msidhani kuku alipima ardhi. Tuliondoa kesi, tukakubaliana mbele ya wazee, dada akapata ekari moja upande wa barabara ulio na parachichi la mama, na tulilipa pamoja gharama ya mpimaji. Kaka bado anaona parachichi lilimpendelea dada. Linazaa sana.

Krismasi ya 2016 tulipika katika jiko moja. Wale watoto wawili walileta jogoo wao, wakamshika miguu pamoja, na hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake. Desemba ya 2021, gari la moshi la abiria liliporudi kati ya Nairobi na Kisumu baada ya kusimama kwa miaka, tuliwapeleka Kisumu kumpokea kijana wa kaka anayefanya kazi Nairobi. Walikuwa wamekuwa vijana tayari, kila mtu na simu yake, na kijana alikuwa amekwisha kuwaandikia yuko behewa la ngapi. Walikwenda na taa? Hapana. Stendi ina umeme. Ila sisi wazee tulifika mapema saa mbili nzima.

Lakini turudi 2016, tumalize, maana chai inapoa na mweka hazina anatutazama. Chakula kilipakuliwa. Firigisi ikawekwa katika kibakuli, na kibakuli kikawekwa mbele ya kaka, kwa kuwa sasa ndiye mzee wa boma. Kaka akaitisha kisu. Akaikata juu ya kifuniko cha sufuria, nusu akaweka katika sahani ya dada, nusu katika sahani yake.

Anayesahihisha pale kwenye benchi ameinua mkono. Anasema haikuwa nusu. Anasema kipande kimoja kilikuwa kikubwa, na tunajua anataka kusema ni cha nani.